Bati la Spidi kwenye Mashine ya Kijani

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na Bibi na kuku wake wote, hata yule mweupe aliyenidonoa kisigino. Sisi huku hatujambo. Mama ameng'olewa jino na sasa anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, lakini maneno hayajapungua hata moja. Anakusalimu sana. Anasema angekupigia simu, ila mara ya mwisho alikuuliza Bibi anaendeleaje, ukamjibu kwamba ndiyo, umeshakula. Kwa hiyo tumeamua kwamba simu na masikio yako basi tena, tuandikiane.

Habari yenyewe ni hii: nimepewa mashine yako! Ile ya kukereza vyuma, ya kijani, iliyo karibu na dirisha. Tangu ustaafu ilikuwa imefunikwa turubai, hakuna aliyethubutu kuigusa. Msimamizi ndiye aliyeifunua. Bado ni yuleyule Bwana Nukta, na siku hizi hata chai anaitia sukari kijiko kimoja nukta mbili. Alisimama mbele ya karakana nzima akasema, "Huyu ni mpwa wa Mkono wa Dhahabu. Tutaona." Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Mei. Siku hiyo atanipa kazi ya mtihani. Nikiiweza, mashine ni yangu. Nikishindwa, nahamia dirisha la stoo, kugawa skrubu na kuandika nani kachukua koleo gani. Mjomba, pale stoo nitakata roho.

Sasa nisaidie. Chuoni tulifundishwa kwamba chuma hiki laini, kwa visu tulivyo navyo, kipite mbele ya kisu mita ishirini na nane kila dakika. Shafti ikiwa nene unaizungusha polepole, ikiwa nyembamba unaizungusha haraka, ili zile mita zibaki zilezile. Shafti yangu ya kwanza ilikuwa na unene wa milimita hamsini. Nikapiga hesabu, ikatoka mizunguko mia moja sabini na nane kwa dakika. Jedwali alilochora Bwana Nukta ukutani nalo linasema mia na themanini. Nikaangalia lile bati la spidi lililofungwa juu ya mikono ya gia, nikaiona 180 yangu, nikaweka papo hapo. Kisu kikatoa moshi, ncha ikawa ya bluu, ikaisha kama penseli ya mtoto.

Wewe kwenye mashine hii ulikuwa unaweka spidi gani?

Visu vilivyoharibika ni viwili vitatu hivi, si vingi.

Mimi mpwa wako ninayenuka grisi.


21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Barua yako ilikuwa na doa la mafuta kwenye pembe. Nikalinusa, nikafurahi. Bibi yako hajambo. Anasema kuku mweupe hana kosa lolote, wewe ndiye uliyemtazama vibaya. Mimi nyanya zangu zimevamiwa na konokono. Nimewahesabu, ni arobaini na mmoja, na wanaonekana kupendana. Mwambie mama yako asukutue maji ya chumvi na apumzishe huo upande mwingine pia.

Nimefurahi kwamba uko kwenye mashine yangu. Ifute kila jioni. Mkono wake wa kushoto ni mgumu, usiulazimishe, usukume huku unafikiria jambo jingine.

Kuhusu kisu. Kwanza kinoe vizuri. Pili, ncha iwe usawa wa katikati kabisa ya chuma. Ikipanda hata kidogo, inasugua. Tatu, na hili lishike sana, ni mwendo wa kisu, yaani kisu kinasogea kiasi gani kila chuma kinapozunguka mara moja. Nakujua wewe. Ukiona moshi, moyo unakuruka, unapunguza mwendo mpaka kisu kinatambaa. Kosa kubwa! Kisu kisichouma chuma hukisugua, na kinachosugua kinaungua upesi zaidi. Kipe sehemu mbili za kumi za milimita kila mzunguko, bila huruma. Ukifika mwisho unapotaka uso wa chuma ung'ae, punguza iwe moja ya kumi. Nne, maji ya kupozea yamwagike bila kukatika, si kudondoka kama chozi la mnafiki. Tano, sikiliza mashine. Mashine inasema yenyewe.

Bibi yuko hapa pembeni ananiuliza kama nimekujibu ulichouliza. Nimemwambia nimekujibu kwa mapana. Amesema jambo ambalo sioni haja ya kuliandika.

Mjomba wako.


3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama amepona, sasa anatumia pande zote mbili. Anazipa pole nyanya zako.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ulivyosema kuhusu mwendo wa kisu ni kweli tupu. Nilikuwa nimepunguza mpaka shafti moja ikala asubuhi nzima, na Bwana Nukta akapita akauliza kama nakereza au nabembeleza. Nimerudisha mbili za kumi. Kisu sasa kinauma vizuri kwa dakika nne kisha kinaungua, badala ya kusugua dakika saba kisha kikaungua. Maendeleo ni maendeleo.

Lakini mjomba, mimi niliuliza spidi, wewe umenijibu kurasa mbili za kila kitu kasoro spidi. Na kuhusu kusikiliza mashine, samahani, wewe? Wewe uliyekaa kwenye harusi ya dada ukiwa umeegemea spika ukaniuliza muziki utaanza saa ngapi?

Wazee wa hapa wananisimulia habari zako. Wanasema ulikuwa unaweka mkono wa gia kwenye 90 kwa shafti ambayo jedwali linataka 180, kila mtu anaiona 90 kwa macho yake, na bado ulimaliza pamoja nao na uso wa shafti unang'aa kama kioo cha kunyolea ndevu. Wanasema hukuruhusu mtu mwingine aiguse mashine. Bwana Nukta akisimulia anavua kofia. Anasema jedwali ni la binadamu wa kawaida, na Mkono wa Dhahabu hakuwa wa kawaida. Sasa mimi binadamu wa kawaida nafanya nini? Tafadhali andika namba. Namba moja tu.

Mpwa wako, ambaye sasa anaitwa Mama Moshi.


30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa, nilikuwa naumwa. Kidole gumba cha mguu kilivimba, kisha cha pili yake kikakionea huruma nacho kikavimba. Nilishindwa kushika kalamu. Bibi hajambo. Konokono wamebaki ishirini na tisa, ila hawa waliobaki ni wakomavu.

Habari za wale wazee zisikuchanganye. Wanatia chumvi. Mimi nilifanya kazi tu, basi. Ufundi ni kitu kinachoingia polepole, mwaka baada ya mwaka, na si kila kitu kinaandikika kwa namba. Hakikisha chuma kimebanwa sawasawa kwenye taya. Hakikisha mkanda haulegei. Vaa miwani. Kula vizuri.

Jina la Mama Moshi si baya. Nimewahi kusikia mabaya zaidi.

Mjomba wako.

(Chini yake kwa penseli, herufi kubwa zinazopanda mlima:)
MJUKUU. BAHASHA KAIACHA WAZI KAENDA KUFUKUZA KONOKONO. HAUMWI KITU. KIDOLE HICHO HICHO ALIKIPIGIA MPIRA JUZI. MAMA YAKO KANIAMBIA VISU NI KUMI NA NNE SI VITATU. MUULIZE SIKU ALIYOPAKA MASHINE RANGI. BIBI.


8 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mpe Bibi shikamoo yake ya peke yake, kubwa.

Ndiyo, visu ni kumi na vinne. Nilikuficha kwa sababu ya aibu. Sasa na wewe nisimulie ya kwako, ya siku ya rangi, maana nimefanya jambo.

Juzi wenzangu walipokwenda kula nilibaki na mashine. Nikachora mstari wa chaki kwenye taya, nikaweka spidi ndogo kuliko zote kwenye bati, 45, nikashika saa. Nikahesabu mstari ukipita kwa dakika moja. Ikatoka tisini. Nikasema nina njaa, nimehesabu mara mbili mbili. Nikarudia, tisini na moja. Nikarudia tena, tisini. Nikapanda kwenye 63, nikahesabu mpaka macho yakaangaliana, ikawa kama mia na ishirini na tano. Mjomba, bati linasema uongo! Kila namba iliyoandikwa pale, mashine inazunguka mara mbili yake. Nilipoweka 180, chuma kilikuwa kinakimbia 360. Ndiyo maana kumi na vinne. Na ndiyo maana 90 yako ilikuwa 180 kama ya watu wengine wote!

Mchana ule nikaweka nusu. Maranda ya chuma yakatoka meupe, yamejikunja vizuri, kisu baridi. Nililia kidogo, mafuta yakanisaidia kuficha.

Sasa sikia balaa. Bwana Nukta akapita, akaiona 90, akaiona kazi, akavua kofia. "Damu!" akaita watu. "Njooni muone damu!" Tangu siku hiyo naitwa Mkono wa Fedha. Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe jana kanifuata tena. Anasema kipaji ni kizuri lakini hataki karakana ya vipaji, na miujiza alimvumilia mzee peke yake. Siku ya mtihani nitaweka namba ileile inayosemwa na jedwali la ukutani, mbele ya macho yake, bila kuongeza wala kupunguza. Shafti ni ya kinu cha kusagia nafaka, chuma ni kimoja, hakuna cha akiba. Nikifuata namba ya jedwali kwenye bati hili nitaiunguza na nitaenda stoo. Nikisema ukweli kuhusu bati, wataanza kupiga hesabu ya Mkono wa Dhahabu.

Sitasema bila ruhusa yako. Niandikie upesi. Mtihani ni tarehe 29 Mei.

Mpwa wako.


27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Bibi kamwaga mtama, basi na mimi nimalizie kuumwaga.

Mashine zilikuwa mbili, pacha wa sura, ila moja ilikuwa nzito na ya polepole na nyingine ndiyo hii yako, nyepesi na ya mbio. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kututembelea, nikaagizwa nizipake zote mbili rangi ya kijani. Nikafungua mabati ya spidi nisiyachafue, nikayatia pamoja kwenye kopo moja. Wakati wa kuyarudisha, redio ilikuwa inatangaza mpira, na sisi tulikuwa tumepata penalti. Nilifunga skrubu nane bila kuangalia mikono yangu. Hata penalti yenyewe alikosa. Mwezi uliofuata ile nzito ikauzwa kwa karakana ya ng'ambo ya mto, na bati letu juu yake.

Niliunguza visu tisa. Nilivizika nyuma ya choo. Kisha nikafanya kama wewe, chaki na saa, nikajua. Nikajiambia Jumatatu nitasema. Jumatatu wageni wakawahi kufika. Niko kwenye shafti, mkono wa gia uko kwenye 90, na Nukta wakati huo kijana ananiangalia mimi, anaangalia bati, anaangalia jedwali lake. Akawaambia wageni, "Tazameni! Anakata kwa nusu ya spidi na anamaliza pamoja na wote. Huyu mtu ana mkono wa dhahabu!" Wakapiga makofi. Wewe ungefanya nini? Mimi niliinama kidogo, hivi, kama mtu anayeshukuru.

Nikapanga kusema Jumatatu iliyofuata. Zimepita Jumatatu za miaka ishirini na miwili. Walinipa saa ya ukutani nilipostaafu, mpwa wangu. Imeandikwa "Kwa aliyeishinda namba." Iko hapa juu ya kichwa changu ninapoandika.

Nakuomba uniachie hicho tu. Njia nyingine zipo. Mwaga chai juu ya bati namba zisionekane. Au jifanye unapiga chafya wakati unavuta mkono wa gia ukateleza mpaka kwenye nusu. Au umwa. Mimi nina uzoefu wa kuumwa, naweza kukushauri.

Mjomba wako.


6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeelewa.

Nitafuata jedwali. Stoo wana kiti chenye mto.

Mpwa wako.


14 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako ina mistari miwili. Nimeisoma zaidi ya zile zote ndefu.

Bibi hajanigombeza. Angenigombeza ningejitetea. Amechukua lile jina tu analitumia kwa kila kitu. "Mkono wa Dhahabu, leta kuni." "Mkono wa Dhahabu, kuku mweupe kaingia jikoni." "Mkono wa Dhahabu, umevaa shati ndani nje." Jana alikuja jirani kuazima ngazi, Bibi akamwambia aniombe mimi Mkono wa Dhahabu, na jirani akauliza dhahabu ya wapi, na Bibi akasema, "Ya kopo." Nimekaa nje na konokono siku nzima. Hata wao walikuwa wananikwepa, ila kwa mwendo wao ilichukua muda.

Nisikilize sasa. Nilidhani nalinda jina langu. Kumbe nimekaa hapa kivulini, nakunywa chai, huku mtoto wa dada yangu anaunguza visu kumi na vinne kwa kosa langu, na mimi najua, na namwandikia avae miwani. Naona aibu. Sio aibu ya bati, ile ningecheka. Ni aibu ya kukuacha. Nisamehe, mama.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, imefungwa. Mpe Bwana Nukta mkononi, aisome kwa sauti mbele ya karakana nzima, kabla hujawasha mashine. Nimeandika hivi:

"Kwa Msimamizi na mafundi wote. Mimi niliyekuwa fundi wa mashine ya kijani nakiri kwamba bati lake la spidi si lake. Nilibadilisha mabati kwa uzembe wangu siku ya rangi. Kila namba iliyoandikwa hapo ni nusu ya kweli. Sikuwahi kuishinda namba yoyote. Nilikata chuma kwa spidi ileile mnayokatia nyinyi, na kusifiwa nikasifiwa kwa kosa. Mpwa wangu hana hatia ya kisu hata kimoja. Saa ya ukutani naweza kuirudisha, inachelewa dakika sita."

Bibi ameisoma. Amesema niondoe hilo la dakika sita. Sitaliondoa, ni kweli.

Mjomba wako.


1 Juni

Mjomba wangu wa moyoni,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Mama analia tangu juzi na hasemi kwa nini, ila ni kilio kile cha moyo ulioshiba. Kaa chini ndipo uendelee kusoma.

Tarehe 29 tulisimama wote kuizunguka mashine. Nilimpa Bwana Nukta karatasi yako. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti yake ya kusomea matangazo. Alipofika kwenye "sikuwahi kuishinda namba yoyote," akairudia mara mbili. Akamaliza, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Kisha akasema, "Mnaona, mafundi? Mnaona ukubwa wa mtu huyu? Anajichafua mwenyewe ili mpwa wake apate kazi. Unyenyekevu huu haupatikani tena."

Na wote wakatikisa vichwa! Fundi wa kuchomelea alitoa leso. Mjomba, hawakuamini neno hata moja. Nikaona sasa nakwenda stoo na wewe unakwenda peponi siku ileile.

Nikapiga moyo konde nikasema, "Bwana Msimamizi, umesifu namba miaka yote. Naomba uhesabu moja." Nikachora mstari wa chaki kwenye taya, nikaweka 45, nikampa saa. Hakupenda, lakini mtu anayeitwa Nukta hawezi kukataa kuhesabu. Karakana nzima ikahesabu naye kwa sauti, moja, mbili, tatu. Walipofika arobaini na tano, saa ilikuwa imefika nusu dakika tu, na sauti zikaanza kupotea moja moja. Bwana Nukta aliendelea peke yake mpaka tisini. Akaketi juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji ya kupozea, mjomba, na hakuinuka.

Akasema taratibu, "Miaka ishirini na miwili nawafundisha watu namba, na sijawahi kuihesabu hata moja." Wa kwanza kucheka alikuwa mzee wa mashine ya kutoboa. Baadaye kila mtu alikuwa ameshika mbavu, na mwisho hata yeye mwenyewe, pale pale ndani ya ndoo.

Sikuwapa nafasi ya kupoa. Nikabana ile shafti ya kinu. Ilitakiwa imalizike na unene wa milimita arobaini. Ishirini na nane mara elfu moja, gawanya kwa tatu nukta kumi na nne, gawanya kwa arobaini, nikapata mia mbili ishirini na tatu. Mashine haina namba hiyo. Ina mia na themanini na ina mia mbili hamsini. Bwana Nukta akatupa jicho kwenye jedwali lake, nalo halina milimita arobaini, linaruka toka thelathini na tano hadi hamsini. Akasema, "Chagua mwenyewe." Niliweka mia mbili hamsini ya kweli, yaani 125 ya lile bati la uongo. Mwendo wa kisu mbili za kumi, mwisho moja ya kumi, maji yakimwagika. Kisu kimoja kilianza na hichohicho kikamaliza, kikali.

Akapima kwa mikrometa sehemu tano. Akapima tena. Akasema, "Arobaini nukta sifuri sifuri." Nimezoea kumsikia anasema nukta, lakini hii aliitamka kama mtu anayeonja asali. Kisha akachukua funguo za kabati la mashine ya kijani akaniwekea kiganjani. Mashine ni yangu, mjomba!

Ameshawaandikia wale wa ng'ambo ya mto kuomba bati letu. Wamejibu kwamba mashine yao wanaiita Bi Harusi kwa sababu tangu inunuliwe haijawahi kuharakishwa, na wanataka kujua sisi ni watu wa aina gani.

Karatasi yako bado iko mfukoni mwake. Saa anasema ubaki nayo.

Mpwa wako, ambaye sasa hana jina la utani lolote.


12 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba zote. Sisi wazima. Bibi amerudi kuniita kwa jina langu, na kwa mara ya kwanza nimegundua kwamba nalipenda.

Barua yako niliisoma nikacheka ya ndoo mpaka nikalazimika kukaa. Nikafurahi, nikasikitika kidogo kwamba waliamini upesi hivyo baada ya tisini, nikafurahi tena. Lakini kuna jambo lilinizuia kulala mchana, nikainuka nikatafuta penseli.

Shafti ya milimita arobaini, mimi ningeweka mia na themanini. Nimezikereza nyingi, mpwa wangu, kwa chuma hichohicho na visu vya aina hiyohiyo, na siku zote niliweka mia na themanini ya kweli. Nilijua hata bila bati. Nilijua mkononi. Kwa hiyo nikadhani umebahatisha. Nikapiga hesabu yako nyuma ya bahasha. Mia mbili ishirini na tatu. Kutoka hapo kwenda mia na themanini ni hatua arobaini na tatu. Kwenda mia mbili hamsini ni ishirini na saba. Nikarudia. Nikampa Bibi, ambaye hajui kugawanya lakini anajua kutoa, naye akapata ishirini na saba.

Basi hapo hakuna bati la kusingizia. Hakuna redio wala penalti. Ni mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu zote, nilizikereza zile shafti polepole kuliko ilivyotakiwa mpaka nikastaafu, na hakuna aliyejua, wala mimi sikujua, mpaka umekuja wewe ukachagua.

Nikamwambia Bibi, "Huyu mtoto ananishinda." Bibi akasema, "Usiniambie mimi. Mwandikie yeye, na usipunguze neno."

Unanishinda.

Mjomba wako.